Furaha ya Vibanda wiki ya msiba

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza tuliwezaje kuketi kibandani tukiimba kwa Sikukuu ya Vibanda, sikukuu yetu Wayahudi, wiki ile ile tuliyomzika bibi yako, mama yangu. Ulitoka Nairobi na machozi yako, ukatukuta tunagawana matoke na kupiga makofi. Ulikwazika, na una haki ya kupewa jibu.

Sheria yetu ya Kiyahudi ni kwamba matanga ni siku saba, lakini sikukuu ikiingia yanakatika papo hapo, hata kama mfiwa ameketi sakafuni kuomboleza saa moja tu. Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wetu wa kale, inaeleza kwamba kuomboleza ni wajibu wa mtu mmoja, na kufurahi sikukuu ni wajibu wa umma mzima, kwa hiyo wa umma unatangulia. Hakuna aliyeniambia nisiumie. Niliambiwa niinuke sakafuni, nioge, nivae nguo safi, niende walipo wenzangu. Uchungu nilikwenda nao.

Maana furaha tunayoamriwa, mwanangu, hatungoji ije yenyewe moyoni. Tunaifanya kwa mikono, na tunamfanyia mtu mwingine. Maimonides, yule mwalimu wa karne ya 12, aliandika kwamba siku hizo watoto wapewe njugu na vitu vitamu, wanawake wanunuliwe nguo na mapambo kadiri ya uwezo wa mtu. Kisha akaonya: anayefunga mlango akala na watoto wake tu, bila kuwalisha maskini na wenye uchungu nafsini, huyo anafurahisha tumbo lake. Miaka yote nilisoma maneno hayo nikiwaza ni nani wa kumwalika. Safari hii mwenye uchungu nilikuwa mimi. Wale uliowasikia wakiimba walikuja kwa ajili yangu, wengine kwa miguu kutoka Namanyonyi na vyungu kichwani. Ningewafungia mlango?

Na bibi yako mwenyewe angekataa. Wakati wa Idi Amin hapa Uganda dini yetu ilipigwa marufuku, wengi wakaiacha, na yeye aliishika Sabato madirisha yamefungwa, sala ikisemwa kwa kunong'ona. Kampala ilipoanguka na Amin kung'olewa tarehe 11 Aprili 1979, usiku huo huo ndio ulikuwa wa Pasaka yetu ya Kiyahudi. Alikuwa akitusimulia habari hiyo kila mwaka, na sauti yake ilipanda kila alipoifikia. Mtu aliyeonja sikukuu ya kufichwa, mimi nisingeweza kuifunga nyingine kwa jina lake.

Kadishi, sala ya wafiwa, bado naisema kila tunapotimia watu kumi, na nitaisema hadi miezi 11 iishe. Sikukuu haikuiondoa. Njoo Pasaka ukiweza, mama yako ameanza kuuliza. Kazi ikikubana, nenda sinagogi la hapo Nairobi karibu na Chuo Kikuu, uwaombe nafasi mezani. Usile peke yako usiku ule.

Baba yako,
Nabugoye, Mbale