Maswali na majibu: hali za muamala katika programu ya pochi

Pochi yangu ina buliani tatu (alama za ndiyo au hapana) kwa kila muamala: umetangazwa, umethibitishwa, umeachwa (yaani mtumiaji ameacha kuusubiri). Kwa nini nibadilishe ziwe aina moja yenye hali zilizotengana?

Buliani tatu huzaa michanganyiko 8, na baadhi haina maana hata kidogo. Muamala ulioachwa na wakati huohuo umethibitishwa, kwa mfano, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu tendaji) itaupokea bila kulalamika. Msimbo wa salio ukikagua alama ya kuachwa kwanza, sarafu zilizokwisha kutumika zitarudi kwenye salio, na muamala utakaozitumia utakataliwa na nodi, yaani kompyuta ya mtandao inayokagua miamala.

Hatari hii si ya nadharia. Bitcoin Core, programu kuu ya Bitcoin, ilitunza hali katika sehemu mbili, heshi ya bloku (namba inayoitambulisha bloku) na namba ya nafasi ya muamala ndani yake. Heshi yenye thamani 1 ilimaanisha umeachwa. Nafasi ya -1 pamoja na heshi ya bloku halisi ilimaanisha mgongano na muamala mwingine. Kila aliyegusa msimbo huo alipaswa kuyakumbuka hayo kichwani. Baadaye hali hizo zilihamishiwa kwenye `std::variant` ya C++17, aina inayobeba hali moja tu kati ya kadhaa kwa wakati mmoja.

Nitenge hali ngapi, na kila moja ibebe nini?

Kwa pochi ya Bitcoin, nne ndizo za msingi. Uliothibitishwa hubeba heshi ya bloku, kimo chake (namba yake ya mfuatano katika mnyororo) na nafasi ya muamala ndani yake. Ulio kwenye mempuli, yaani hifadhi ya miamala inayosubiri kuingia kwenye bloku, haubebi kitu. Wenye mgongano hubeba heshi na kimo cha bloku iliyothibitisha muamala mwingine uliotumia ingizo lilelile, yaani sarafu zilezile. Usio hai, yaani usio kwenye bloku wala mempuli na usio na mgongano, hubeba buliani moja tu: umeachwa au la.

Faida kubwa iko hapa: kimo cha bloku iliyothibitisha muamala wenyewe kinaishi ndani ya hali ya kuthibitishwa peke yake, kwa hiyo hakuna namna ya kukisoma kwa bahati mbaya kwenye muamala unaosubiri.

Shughulikia hali zote kwa `std::visit` ya C++, au `match` ukitumia lugha ya Rust, na kila hali iwe na tawi lake. Tawi la kupokea chochote, yaani `auto` au `_`, linaua ulinzi wote: ukiongeza hali ya tano, kompaila itanyamaza.

Idadi ya uthibitisho (bloku zilizopita tangu muamala uthibitishwe, pamoja na bloku yake) niihifadhi wapi?

Usiihifadhi. Ikokotoe: kimo cha sasa cha mnyororo, toa kimo cha bloku ya muamala, ongeza 1.

Mnyororo wa bloku ukijipanga upya na bloku ikaondolewa?

Rudisha muamala kwenye hali isiyo hai, bila alama ya kuachwa; usiuweke moja kwa moja kwenye mempuli. Subiri nodi ikuarifu kwamba imeupokea, kwani huenda bloku mpya ina muamala unaopingana nao. Muamala wa zawadi ya mchimbaji, bloku yake ikiondolewa, hauwezi kurudi mempuli kabisa, kwa hiyo uweke alama ya kuachwa. Miamala iliyo katika mgongano kwa sababu ya bloku hiyo nayo irudishwe kwenye hali isiyo hai. Hiyo ndiyo husahaulika mara nyingi, na fedha za mtumiaji hubaki zimefungwa bila sababu.

Data za zamani za watumiaji je?

Faili ibaki ilivyo. Andika funksheni mbili tu, moja ya kusoma namba za zamani na kuzigeuza kuwa hali za aina mpya, nyingine ya kuzirudisha. Ongeza hali ya tano, isiyotambulika, inayobeba heshi na namba kama zilivyosomwa. Bila hiyo utalazimika kukisia maana ya rekodi ngeni, kisha utaiandika upya kwa kukosea na kufuta thamani ya awali.