Jibu: Zanzibar na Scotland, nani ana mamlaka zaidi?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama hali yetu Wazanzibari ni sawa na ya Waskoti, na nani kati yetu ana mamlaka zaidi.

Kwa karatasi, sisi tumewazidi. Tuna Rais, Baraza la Wawakilishi na Katiba yetu ya 1984, na mabadiliko ya 2010 yanasema wazi kuwa Zanzibar ni nchi. Bunge la Scotland, lililoanza kazi 1999, limetokana na sheria iliyotungwa na Bunge la Uingereza, London.

Kinachofanana hasa, na barazani kwetu Wete watu hawakitaji, ni kwamba England haina bunge lake, kama Tanganyika isivyo na serikali yake. Kwa hiyo wabunge wa Scotland walioko London wanapigia kura mambo ya England, na wabunge wetu walioko Dodoma wanapigia kura mambo ya Bara. Manung'uniko ya pande zote yanachipukia hapo. Mzee Aboud Jumbe, aliyekuwa Rais wa Zanzibar, alitaka serikali tatu (ya Muungano, ya Zanzibar na ya Tanganyika), akaishia kujiuzulu 1984. Tume ya Warioba, iliyokusanya maoni ya katiba mpya, nayo ikapendekeza tatu. Mpaka leo tunazo mbili.

Tofauti inayoniuma ni hii: wenzetu waliulizwa. Septemba 2014 walipiga kura ya maoni, asilimia 55 wakakataa kujitenga. Sisi 1964, tulipounganishwa na Tanganyika, hatukuulizwa, wala baada yake. Mimi sitaki Muungano uvunjike, nina dada zangu Tanga na wajomba Dar, lakini kuulizwa ni haki yetu.