Pima Plagi Zote Zikiwa Zimechomekwa

Wadogo zangu, wiki hii nimekuta tena themista (vihisi vya joto) zimelehemiwa moja kwa moja kwenye laini ya betri, zikiila hata kifaa kinapolala, na aliyezilehemu ni kijana makini ambaye kazi yake naipenda. Kosa hilo nililifanya mimi kabla yake, na sitaki mlilipie mara ya pili.

1. Vihisi vyote vilishwe kutoka pini moja ya maikrokontrola (chipu inayoendesha kifaa): iwashe, subiri kidogo, pima, kisha izime. Nilipofunga kipima joto kwenye ghala la korosho huko Newala, nilitumia maikrokontrola ya ATmega328P, betri mbili za AA na themista nne za kiloomu 10, kila moja na rezista yake ya kiloomu 10, nikamwahidi mzee mtunza ghala kwamba mwaka mzima hatagusa betri. Mezani kwangu Mtwara mjini multimita ilisoma takriban maikroampea 200 chipu ikiwa usingizini, nami nikaridhika, ilhali plagi ya vihisi nilikuwa nimeichomoa kwa sababu nyaya zake ndefu zilinisumbua. Kule ghalani, kwa volti 3, kila themista na rezista yake zilivuta takriban maikroampea 150 usiku na mchana, na zaidi bati lilipopata jua, kwa kuwa ukinzani wa themista ile hushuka joto linapopanda. ADC nayo, sehemu ya chipu inayogeuza volti kuwa namba, sikuizima, ikaongeza karibu 200. Jumla ya 800 ni miliampea-saa 19 kwa siku, hivyo betri hazikufika siku ya mia. Nilipokwenda, nilikuta mzee ameandika kwa chaki ukutani tarehe taa ya kisanduku ilipozimika, kisha akaendelea kupita asubuhi na jioni na kipimajoto cha kioo, akijaza daftari, kwa sababu magunia hayamngoji fundi. Alinikabidhi daftari lile bila neno baya, na jambo hilo lingali linaniuma.

2. Futa biti ya ADEN (swichi ya ADC) kwanza, ndipo uweke PRADC (biti ya kuipunguzia umeme). Ukigeuza mpangilio huo, ADC itaendelea kula.

3. Kigawa volti cha kupimia betri kiwe cha rezista za ukinzani mkubwa, na pini ya ADC iwekewe kapasita ya nanofaradi 100, maana ADC hii imekusudiwa chanzo chenye ukinzani usiozidi kiloomu 10. Ukikiwasha na kukizima, subiri kapasita ijae: kwa chanzo cha kiloomu 500, theluthi moja ya sekunde. Kijana mmoja wa Lindi hakusubiri, akatupa betri tatu ambazo bado zilikuwa nzima, akidhani zimekwisha.

4. Joto la gunia halibadiliki kila sekunde. Kupima kila dakika 10 kunatosha.

5. Kabla ya kufunga kisanduku, pima mkondo plagi zote zikiwa mahali pake. Newala nilirudi na kisanduku kipya, nikapima mbele ya mzee: maikroampea 7. Aliiandika namba ile kwenye daftari lake, na asubuhi iliyofuata akapita tena na kipimajoto cha kioo.