Soko la Vitu vya Kale Huanza Alfajiri, na Chakula Kizuri Kiko Papo Hapo

Wengi wanaotembelea jiji kubwa huipanga siku hivi: asubuhi makumbusho, mchana maduka, jioni chakula cha mtaani. Soko la vitu vya kale hulichomeka penye upenyo, mara nyingi saa saba mchana, wakati jua linawaka, wachuuzi wamechoka na vitu vizuri vimeshapata wenyewe. Mimi nashauri tofauti. Tenga siku moja nzima, uyaunganishe haya mawili, soko na chakula, na utoke kabla jua halijachomoza.

Sababu yake ni hii. Mchuuzi aliyeamka saa tisa usiku kupakia mizigo lazima ale, tena ale vizuri na kwa haraka, na wiki ijayo atakula palepale. Muuza chakula akimlisha ovyo leo, kesho kutwa soko zima linajua. Kwa hiyo anayetafuta chakula bora cha mtaani asianze na orodha za watalii. Aanze na watu wanaofanya kazi alfajiri, aone wanainama kwenye bakuli la nani. Nimeifuata kanuni hii hata katika miji ambayo sijui neno moja la lugha yake, na haijaniangusha.

Jambo la kwanza kabisa ni kujua siku. Masoko haya mengi si ya kila siku. Lile la Saint-Ouen, kaskazini mwa Paris, huchangamka mwisho wa wiki na huendelea hadi Jumatatu. Mjini London, Portobello Road hujaa vitu vya kale Jumamosi, lakini Bermondsey siku yake ni Ijumaa, tena mapema. Feira da Ladra ya Lisbon ni Jumanne na Jumamosi. San Telmo mjini Buenos Aires na La Lagunilla mjini Mexico City ni Jumapili. Panjiayuan mjini Beijing hupendeza zaidi mwisho wa wiki, wakati wachuuzi wanaouzia chini wanatandaza bidhaa zao gizani na wanunuzi wanapita na tochi. Ukikosa siku, utakuta uwanja mtupu na watu wa kufagia.

Mfukoni beba vitu vinne: tochi ndogo, lenzi ya sonara, sumaku, na tepu ya kupimia. Vyote vinaingia kwenye kiganja, na vina faida kuliko kitabu kizima cha mwongozo.

Mzunguko wa kwanza usinunue. Tembea. Saa ile ya mwanzo wanaonunua hasa ni wafanyabiashara wenyewe, wanauziana wao kwa wao, na ukisimama pembeni kimya utajifunza mengi. Tazama mikono yao. Mtu anayejua kazi haangalii uso wa kitu, anakipindua. Anatazama chini ya sahani, nyuma ya picha, ndani ya droo, kwenye bawaba. Uso wa kitu hutengenezwa upendeze, na anayeghushi huweka nguvu zake zote hapo. Mgongoni na chini ndiko hachoki kusahau.

Kwenye samani, anza na skrubu. Ukiona skrubu ya kichwa cha nyota, ile ambayo Henry Phillips aliipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani miaka ya 1930, basi ama kabati si la karne ya 19 ama limefanyiwa matengenezo baadaye. Uliza ni lipi kati ya hayo, kwa sababu matengenezo si dhambi, ila yana bei yake. Halafu mulika sehemu ambazo hazikupigwa randa. Msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyooka. Msumeno wa duara, ulioenea katika karne ya 19, huacha mikwaruzo iliyopinda. Meza ya duara nayo ipime. Mbao husinyaa kadiri miaka inavyopita, na husinyaa zaidi kwa upana wa nyuzi zake kuliko kwa urefu, kwa hiyo meza nzee kweli mara nyingi haiko duara kamili. Tepu itakuonyesha tofauti ambayo jicho halikuiona. Hiki ni kipimo ninachokipenda kuliko vyote, maana ni wakati wenyewe umekipinda kile kitu, na hiyo si kazi rahisi kwa mghushi.

Kwenye madini, sumaku inamaliza mabishano mengi. Shaba, fedha na dhahabu hazivutwi. Kinara kinachoitwa cha shaba kikiing'ang'ania sumaku, ndani kuna chuma. Lakini sumaku kutoshika si uthibitisho wa fedha, kwa sababu ziko aloi nyingi nyeupe, yaani michanganyiko ya metali, ambazo nazo hazivutwi. Hapo toa lenzi utafute mihuri. Namba 925 maana yake ni sehemu 925 za fedha katika 1000. Herufi EPNS maana yake ni kitu cha aloi ya nikeli kilichopakwa fedha kwa umeme, ufundi ambao kampuni ya Elkington ya Birmingham ilichukua hataza yake mwaka 1840. Anayekuambia kijiko chenye EPNS ni cha karne ya 18, mrudishie kijiko chake kwa adabu.

Vyombo vya kauri vina hila zake. Maandishi ya nchi chini ya sahani husaidia kukadiria umri: Marekani ilianza mwaka 1891 kudai bidhaa za nje ziwe na jina la nchi zilikotoka, na vyombo vya Japani vilivyopelekwa huko vikawa vinaandikwa Nippon, jina la Japani kwa Kijapani, hadi mwaka 1921, walipotakiwa kuandika Japan. Kwa vyombo vya China, muhuri wa mfalme usikutie wazimu. Mafundi wa China kwa karne nyingi wameandika mihuri ya wafalme waliotangulia kwenye kazi zao wenyewe, mara nyingine kwa heshima tu, mara nyingine kwa udanganyifu. Bora upapase ukingo wa chini usiopakwa rangi. Chombo kilichotumika kimesuguana na meza, na misuguano yake haina mpangilio. Misuguano iliyolingana pande zote imetengenezwa kwa msasa.

Ramani na picha za kuchapa ni rahisi zaidi: ziweke chini ya lenzi. Ukiona vidoti vingi vilivyojipanga kwa mistari, hiyo ni nakala ya kisasa, hata kama karatasi imepakwa chai ikawa kahawia.

Ukishamaliza huo mzunguko, njaa imeshauma. Nenda kule ulikoona wachuuzi wakila.

Ninavyochagua kibanda ni hivi. Naangalia moto kabla ya foleni. Foleni ndefu inaweza kuwa imeletwa na picha za mtandaoni, lakini chakula kinachotoka jikoni kikifuka moshi na kuingia mkononi mwangu moja kwa moja kimejieleza. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipikwe hadi nyuzi 70 za Selsiasi ndani yake, cha moto kitunzwe juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Huwezi kutembea na kipimajoto ukichoma nyama ya watu, lakini macho yanatosha: je, kinapikwa mbele yangu, au kimerundikwa tangu jana kikisubiri kupashwa?

Wali naupa uangalifu wa pekee. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kupikwa. Wali ukiachwa nje kwa saa nyingi, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu, na sumu inayoleta kutapika haiondoki hata ukiukaanga upya. Wali wa moto unaotoka kwenye sufuria kubwa inayoisha na kujazwa tena, kula kwa furaha. Wali uliopoa kwenye beseni, pita.

Barafu nayo watu huisahau. Kuganda hakuui vijidudu vyote, kwa hiyo barafu ni salama sawa na maji iliyotengenezwa nayo, basi. Penye shaka, chukua kinywaji cha moto. Matunda menya mwenyewe. Na tazama pesa: penye mpishi mmoja, anapokeaje noti? Vibanda vingi vizuri vina mtu wa pesa na mtu wa chakula, au mteja anaweka mwenyewe kwenye kopo na kujichukulia chenji. Utaratibu mdogo kama huo unaniambia mengi juu ya jiko zima.

Halafu napenda kibanda chenye vyakula vichache. Anayepika kitu kimoja tangu asubuhi hadi jioni, miaka nenda rudi, mkono wake unajua mambo ambayo hayawezi kuandikwa. Dunia ya mahoteli makubwa imechelewa kulitambua hili, ila imeanza. Mwaka 2016 Michelin, wenye mwongozo maarufu wa mikahawa, walitoa nyota zao za ubora kwa vibanda vya Singapore, mwaka 2020 UNESCO wakauingiza utamaduni wa vibanda vya chakula vya nchi hiyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na mwaka 2024 nyota ikafika El Califa de León, mahali padogo sana mjini Mexico City panapouza taco, vichapati vya mahindi vyenye nyama, za aina chache tu. Nilifurahi kwa moyo wote niliposikia. Wanaosimama mbele ya makaa kutwa nzima wanastahili jina la ufundi, na mimi huwasalimu kama mafundi.

Kama kuna chakula kinachokudhuru, karanga au samaki au maziwa, andikiwa kwenye kikaratasi kwa lugha ya mahali hapo na uonyeshe kabla ya kuagiza. Ishara za mikono hazitoshi kwa jambo la uhai.

Ukishiba ndipo urudi sokoni kununua. Mwenye njaa hununua haraka ili aondoke, na muuzaji anaiona haraka hiyo tangu mbali.

Kuhusu bei, shika adabu na utapata zaidi. Usikiponde kitu cha mtu ili kishuke bei. Kama ni kibovu hivyo, kwa nini unakitaka? Onyesha dosari halisi kwa kidole, nyufa au kipande kilichotoka, kisha uliza bei ya mwisho na unyamaze. Kimya kinafanya kazi kubwa. Ukinunua vitu viwili kwa mtu mmoja ana sababu ya kupunguza bila kujisikia ameshindwa. Noti ndogondogo zipange mfuko mmoja na kubwa mwingine, maana kulalamikia bei huku unachomoa noti nene kunavunja mazungumzo. Kule ambako watu wanalipa kwa simu tu, kama miji mingi ya China, andaa programu ya malipo kabla hujasafiri.

Muhimu kuliko bei ni swali hili: ulikipata wapi? Muulize kila muuzaji, kwa upole, na usikilize jibu lake linavyokuja. Uingereza ilikuwa na sheria ya karne nyingi iliyosema kwamba aliyenunua kwa nia njema katika soko la wazi, mchana kweupe, alihesabiwa kuwa mmiliki halali hata kama kitu kilikuwa kimeibwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1995. Siku hizi katika nchi nyingi kitu cha wizi kinaweza kuchukuliwa kutoka mikononi mwako na pesa zako zikapotea, kwa hiyo dai risiti yenye maelezo ya kitu, tarehe na jina la muuzaji.

Kuna vitu ambavyo nakuomba usivinunue kabisa. Pembe za ndovu ni cha kwanza. Mkataba wa CITES wa mwaka 1973 unasimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na uamuzi wa mwaka 1989 ulipiga marufuku biashara ya pembe za tembo wa Afrika kuanzia 1990. Magamba ya kasa aina ya ng'amba nayo yamo. Muuzaji atakuambia ni mfupa tu: chukua lenzi. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi vilivyotapakaa; pembe haina, na kwenye sehemu iliyokatwa kwa mapana ina mistari inayokatizana. Usimwamini anayesema ni ya kale kwa hiyo inaruhusiwa, kwani forodha watakutaka nyaraka, na nchi nyingine, Uingereza ikiwemo, zimebana hata pembe za zamani.

La pili ni vitu vilivyochimbwa ardhini au kung'olewa makaburini na hekaluni. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 uliwekwa kuzuia biashara haramu ya mali za kitamaduni, lakini hata kama usingekuwepo ningesema vilevile. Sanamu iliyong'olewa ina watu wanaoililia mahali fulani. Matope yaliyoganda juu yake aidha ni ya mghushi aliyeyapaka juzi, au ni ya mwizi aliyechimba juzi, na wote wawili hawastahili pesa yako.

Kilichobaki ni kufunga mzigo. Vyombo vya kauri vifunge kimoja kimoja kwa nguo zako, ujaze na ndani yake, kisha uvibebe mkononi kwenye ndege badala ya kuviachia sanduku linalorushwa. Visu, mikasi na kila chenye makali viende kwenye sanduku. Piga picha kila kitu pamoja na risiti yake kabla hujafunga, upande wa juu na upande wa chini wenye mihuri, ili ofisa wa forodha akiuliza umwonyeshe simu bila kufungua mzigo wote.