Maswali ya Wasomaji: Gemu Zinazochezea Muda

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi gemu iliyonikamata ni Prince of Persia ile ya Sands of Time, ukikosea kuruka unarudisha muda nyuma unaruka tena. Tamu, ila naona muda pale unakuokoa tu basi. Kuna gemu ambayo nikienda zamani nikafanya kitu, mbele nakikuta kweli? Nina simu ya Android tu. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ipo tena ya siku nyingi, Chrono Trigger, Square waliitoa 1995 kwa mashine ya gemu ya Super Nintendo na sasa ipo Play Store, ya kulipia. Mle unazunguka kuanzia enzi za madinosaria mpaka mwaka 2300 dunia ikiwa imeshateketea.

Nakupa kisa kimoja tu, vingine ukivikuta mwenyewe ndo raha. Kuna jiwe unaliweka pangoni enzi za madinosaria linyonye jua mpaka huko mbele, unaruka enzi hadi enzi kulicheki, mwaka 600 lipo, mwaka 1000 halipo, limebebwa! Analo meya wa mji wa Porre, jamaa mchoyo kupindukia, ukimwomba hatoi. Wengi hapo wanataka wamtwange, gemu haitaki hivyo. Unanunua nyama kavu hapohapo mjini kwake, bei 9,900 za mlemle kwenye gemu, hela ndefu kwa kweli, unarudi nayo miaka 400 nyuma hadi kwa mababu zake, kuna mama pale anaitaka na ukimuuzia anakupa 10,000. Usimuuzie, mpe bure. Ukirudi 1000 meya ni mtu mwingine kabisa, mkarimu, jiwe anakupa. Yaani umebadilisha tabia ya ukoo mzima kwa kipande cha nyama! Panga halisaidii kitu, inabidi ufikirie nani kazaliwa na nani, na mimi sijaona gemu nyingi zenye ujasiri huo.

Halafu kuna Robo, roboti mwenzenu, mnamwacha 600 aoteshe msitu, nyie mnaruka dakika moja tu mpaka 1000, yeye kafanya kazi miaka 400, mnamkuta kaharibika na watu wanamheshimu kama mtakatifu. Usiruke maongezi ya hapo, soma yote.

SWALI: Majora's Mask, ile gemu ya Zelda unayorudia siku 3 zilezile, inanichosha, nikirudi siku ya kwanza hela zote zimepotea. Niache? (Msomaji wa kike, Mombasa)

JIBU: Usiache dada. Mwezi unaanguka baada ya siku 3, ambazo kwenye Nintendo 64 ni kama dakika 54 za kweli, kwa hiyo presha yako naielewa. Hela weka benki ya Clock Town, ule mji wa katikati, yule jamaa wa benki anakugonga muhuri na muda ukirudi bado zipo. Mishale na mabomu vinaisha, barakoa na nyimbo unabaki nazo. Halafu upige Song of Time, ule wimbo wa kurudisha muda, kinyumenyume, noti ya mwisho iwe ya kwanza, saa inaanza kwenda polepole.

Ukishatulia mfuate Anju wa pale hotelini anayemsubiri mchumba wake Kafei. Kila mtu mjini ana ratiba yake ya siku 3, mtu wa posta anapita saa yake, barua ina saa yake, ukichelewa kidogo hawakutani, inabidi urudi kuanza upya lakini sasa unajua nani atakuwa wapi saa ngapi. Daftari la Bombers, lile kundi la watoto wa mjini, linakuandikia yote hayo, lichukue mapema kabla hujaenda popote.