Riba ya akaunti ya pamoja iandikwe kwa nani?

SWALI: Tunaishi Minneapolis, Marekani. Mwaka huu mimi na mume wangu kila mmoja anajaza ritani yake ya kodi. Akaunti yetu ya akiba ya pamoja imetoa riba ya dola 3,200, na fomu 1099-INT, taarifa ya riba inayotolewa na benki, imekuja kwa namba ya kodi ya mume wangu. Anayetujazia anasema tuiweke yote kwangu kwa kuwa mshahara wangu ni mdogo. Ni sawa?

JIBU: Si sawa, dada, na ushauri huo nakutana nao kila msimu wa kodi. Mke na mume hawachagui riba iangukie wapi. Hata namba iliyo kwenye 1099 haisemi pesa ni ya nani. Benki hutuma taarifa kwa namba moja tu, kwa kawaida ya aliyeandikwa wa kwanza. Mwenye riba hujulikana kwa sheria ya jimbo. Minnesota, pesa ya akaunti ya pamoja ni ya kila mmoja kwa kadiri ya alichoweka, ukitoa alichochukua. Kama umeweka robo, riba yako ni dola 800. Tunzeni taarifa za benki zinazoonyesha hivyo.

Mumeo ajaze Schedule B, karatasi ya riba inayoambatana na ritani: aandike dola 3,200 zote, na chini ya jumla ndogo aandike "Nominee Distribution" (yaani riba iliyo ya mtu mwingine) na kutoa 800. Akiandika 2,400 peke yake, kompyuta za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, zitaona pengo na barua ya CP2000 ya kuuliza tofauti hiyo itamfikia. Wewe andika 800 kwenye ritani yako. Wasio wanandoa wangelazimika kupeana 1099 nyingine. Ninyi mmesamehewa hilo. Mkiuza hisa za pamoja, marekebisho hufanyika kwenye fomu 8949 kwa alama N.

Mkihamia Texas, California au jimbo jingine la mali ya ndoa (ambako kipato cha ndoa huhesabiwa kuwa cha wote wawili), hesabu hubadilika kabisa: kwa kawaida hata mshahara hugawanywa nusu kwa nusu, na fomu 8958 ya kuonyesha mgawanyo huo huambatanishwa.

Huyo anayewajazia, je, anasaini ritani na kuweka PTIN, namba yake ya utambulisho ya mjaza ritani? Sheria inamtaka kila anayelipwa kwa kazi hiyo afanye hivyo. Asiyesaini mkimbieni, kwa sababu IRS ikiuliza, yeye hayumo kwenye karatasi. Sahihi ni yako, na umeiweka chini ya adhabu ya kusema uongo. Watu wa namna hii ndio hao hao wanaoweka "Hapana" kwenye sehemu ya tatu ya Schedule B, panapoulizwa akaunti za nje. Kama mna akaunti ya pamoja Nairobi au Dar es Salaam, jibu ni "Ndiyo" hata ikiwa na pesa kidogo. Na akaunti zako zote za nje zikijumlishwa zikapita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, unadaiwa pia FBAR, taarifa ya pekee ya akaunti za nje. Humo usigawanye: kila mmoja wenu huhesabu salio lote la akaunti ya pamoja.