Miaka minne ya vyuma inatosha kufundisha?

Kaka, umeuliza kama miaka minne ya kunyanyua vyuma inatosha kuanza kufundisha watu kwa malipo, au lazima uwe na cheti. Jimu ya mtaani inaweza kukuchukua hivyo hivyo. Ukitaka hoteli kubwa au kazi za Ghuba, jiandae kuulizwa.

Kabla ya kulipia kozi, angalia kama cheti chake kina ithibati ya NCCA, chombo cha Marekani kinachokagua vyeti vya kitaaluma. Vya ACE, NASM na ACSM, mashirika ya Marekani yanayotoa vyeti vya walimu wa mazoezi, vinayo. Vile vya wikendi moja ni mapambo ya ukutani. Mtihani wa ACE una maswali 150 kwa saa tatu. Uwe umefikisha miaka 18 na una cheti hai cha huduma ya moyo uliosimama. Kila miaka miwili unahuisha cheti cha ACE kwa saa 20 za masomo, nayo ni pesa, iweke kwenye hesabu.

Wengi wanafeli kwa kukariri majina ya misuli. Mtihani unakuletea mtu: ana presha, magoti yanaingia ndani akichuchumaa, utampa zoezi gani?

Mteja wa kwanza, anza na maswali ya afya, kisha achuchumae mikono ikiwa juu. Mtazame mbele uone magoti, ubavuni uone visigino. Vikinyanyuka, mara nyingi vifundo vimekaza. Usimwekee chuma begani bado. Seti mbili za marudio 12 hadi 15 zinamtosha. Ukimkamua mpaka kesho yake ashindwe kushuka ngazi, harudi huyo.